Whitefield: Kiunga Kilichojengwa kwa Hisani

Mwanzoni mwa karne hii nilikuwa mwanafunzi wa uzamili katika jiji la Bengaluru, kusini mwa India, ambalo wakati ule kila mtu aliliita Bangalore. Nilipanga chumba Hoodi, pembezoni mwa jiji upande wa mashariki, kwa sababu moja tu: kodi yake niliimudu. Siku za kazi nilibanana na wenzangu katika basi namba 335E kwenda mjini na kurudi. Siku za Jumapili, nilipochoshwa na vitabu, nilitembea kwa miguu hadi Whitefield, vituo vichache mbele, kwa kuwa huko palikuwa na vivuli vya miti mikubwa na barabara ya mviringo iliyokuwa bado na utulivu.

Katika barabara hiyo ya mviringo palikuwa na nyumba kuukuu za vigae, zenye baraza pana na bustani zilizokwisha kuota magugu. Katika mojawapo aliishi bibi mmoja mwenye umri wa kunizaa mara mbili, ambaye alizoea kunisalimu kutoka barazani. Siku moja alinikaribisha chai. Alipojua kwamba natoka Tanzania, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Nanyi mlipopata uhuru wenu, watu kama sisi mliwafanya nini?"

Sikuwa na jibu. Kusema kweli, hata swali lenyewe sikulielewa vizuri. Nimelibeba kwa miaka zaidi ya ishirini, na leo naomba wasomaji wangu mnivumilie nilijibu kwa njia ndefu, yaani kwa kusimulia historia ya mtaa ule. Dai langu ni hili: Whitefield ni mahali palipojengwa mara kadhaa kwa hisani ya wakubwa, na kila mara hisani ile ilipokwisha, waliofadhiliwa waligundua kwamba hawakuwa na haki yoyote mkononi.

Tuanze na hao "watu kama sisi". Bibi yule alikuwa wa jamii inayojulikana kama Anglo-Indian: kizazi kilichotokana na ndoa na mahusiano baina ya wanaume wa Ulaya na wanawake wa India tangu karne za kwanza za biashara ya baharini. Mwanzoni Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki haikuwa na kinyongo na watoto hao. Walijua lugha za pande zote mbili, nao walikuwa askari na makarani wake. Lakini mwaka 1791 Kampuni ilipiga marufuku kuwaajiri katika vyeo vya utawala, jeshi na majini. Miaka minne baadaye katazo la jeshini likakazwa, wakaachiwa kazi za kupiga ngoma na zumari na nyinginezo za namna hiyo. Waliokuwa jana wana wa nyumba walijikuta nje ya mlango, bila kosa lolote ila kuzaliwa.

Katika karne ya kumi na tisa mlango ulifunguliwa tena, lakini ule wa uani. Ujenzi wa reli, simu za upepo, posta na forodha ulihitaji watu wanaojua Kiingereza na wanaoaminika na serikali, nao wakawa madereva wa treni, mastesheni masta na wapokeaji wa simu. Waliishi katika nyumba za shirika, watoto wao wakasoma katika shule za shirika. Hapakuwa na ukoo uliomiliki shamba, wala kijiji cha kurudi mtu akistaafu. Kazi ilipokwisha, na nyumba ilikwisha. Hapo ndipo tatizo la ardhi lilipozaliwa.

Kuelekea miaka ya 1880 Wahindi waliosoma walikuwa wanaongezeka na kudai nafasi katika ajira za serikali, na dai lao lilikuwa la haki kabisa. Machotara walibanwa katikati: kwa Waingereza hawakuwa weupe wa kutosha kupewa vyeo vya juu, na kwa Wahindi walionekana vibaraka waliokuwa wakishikilia vyeo vya chini. Ndipo mmoja wao, David Emmanuel Starkenburgh White, aliyeanzisha chama cha jamii hiyo kusini mwa India, aliposisitiza kwamba jamii isiyo na ardhi haina mustakabali. Dawa, kwa mujibu wa fikra hiyo, ilikuwa kuwageuza makarani na watu wa reli wawe wakulima wanaojitegemea.

Bahati ilikuwa upande wao. Waingereza walikuwa wameitawala Mysore moja kwa moja kwa miaka hamsini, na mwaka 1881 waliirudisha mikononi mwa nasaba ya Wadiyar. Maharaja mpya, Chamarajendra wa Kumi, alikuwa kijana asiyefikisha miaka ishirini, na kiti chake kilitegemea radhi ya mabwana waliomrudishia. Mwaka 1882 aliwapa machotara ekari 3,900 mashariki ya Bangalore waanzishe makazi ya kilimo. Makazi hayo yaliitwa Whitefield, kwa kumuenzi White.

Ramani yao ilikuwa ndoto iliyochorwa kwa bikari: uwanja wa majani katikati, nyumba zikiuzunguka, barabara ya duara la ndani na nyingine ya duara la nje, kisha mashamba. Kijiji cha Uingereza katika uwanda wa Karnataka, kilichojengwa na watu ambao wengi wao hawakuwahi kuiona Uingereza. Stesheni ya treni ilikuwa karibu, kwenye njia ya kwenda Madras. Upande wa mashariki zaidi migodi ya dhahabu ya Kolar ilikuwa inaanza kupamba moto, nayo ikaajiri machotara wengi.

Kilimo hakikuwafaa. Uwanda ule uko kiasi cha mita 900 juu ya usawa wa bahari, hauna mto mkubwa, na mvua zake ni za kubahatisha. Mtu aliyetumia miaka thelathini akipokea simu za upepo hawezi kuwa mkulima kwa sababu tu amepewa jembe na hati. Pole pole makazi ya wakulima yakawa makazi ya wastaafu. Watu walikuja kumalizia uzee, kupanda maua na miti ya matunda na kusubiri pensheni. Hadi leo Whitefield hujivunia hadithi kwamba Winston Churchill, aliyekuwa luteni kijana Bangalore kuanzia mwaka 1896, alikuwa akija huko kwa sababu ya binti wa mwenye nyumba ya wageni. Sina ushahidi wa hadithi hiyo, na siitaji hapa kwa ajili ya Churchill. Naitaja kwa sababu inaonyesha jamii ile ilivyotamani kuwa na uhusiano na watu ambao hawakuitambua.

Hapa naomba tusimame, kwa maana nimesimulia kama walivyosimulia walowezi wenyewe, kana kwamba ekari 3,900 zilikuwa tupu zikingoja wenyewe.

Hazikuwa tupu. Tazama majina ya vijiji vinavyouzunguka mtaa: Kadugodi, Varthur, Hagadur, Nallurahalli, Pattandur Agrahara. Neno "agrahara" peke yake ni kumbukumbu ya kihistoria. Ni kijiji ambacho mtawala wa kale aliwapa Wabrahmani wakiishi humo na kula mapato yake. Kwa hiyo hata kabla ya maharaja kijana, ardhi ile ilikwisha kugawiwa kwa hisani ya wakubwa wengine, na chini ya kila mgao walikuwapo waliolima.

Ushahidi mkubwa zaidi ni maji. Kwa kuwa Bengaluru haina mto mkubwa, wenyeji wa zamani walichimba malambo kwa kuziba mabonde kwa kuta za udongo, na kuyapanga kama ngazi: lambo la juu likijaa humwagia la chini yake, hilo nalo humwagia la pili, hadi bondeni. Bellandur humwagia Varthur, na Varthur hupeleka maji mbele kuelekea mto wa kusini. Mfumo kama huo hauwezi kuwapo mahali patupu. Unahitaji watu wa kuondoa tope, wa kulinda kuta, wa kuamua nani afungulie maji lini. Watu hao hawakuwamo katika ramani ya duara. Hawakufukuzwa kwenye historia kwa bunduki. Waliachwa nje yake kwa bikari.

Uhuru ulipokuja mwaka 1947, watu wa Whitefield walikuwa na hofu, na kwa haki tuseme kwamba India huru haikuwatenda ukatili. Kiongozi wao, Frank Anthony, alikuwa mjumbe wa Bunge la Katiba, na Katiba ya 1950 iliwataja kwa jina. Kifungu cha 331 kilimruhusu Rais kuwateua wawili wao kuingia Bunge la Taifa. Kifungu cha 336 kiliwahifadhia nafasi katika reli, forodha, posta na simu za upepo, nafasi ambazo zingepunguzwa hatua kwa hatua na kumalizika baada ya miaka kumi. Ruzuku za shule zao nazo ziliwekewa utaratibu kama huo.

Mwanafunzi wa historia akivisoma vifungu hivi haraka ataona ukarimu. Akivisoma taratibu ataona saa ya ukutani. Kila hifadhi ilikuwa na tarehe ya kufa. Wengi walielewa, wakafunga mizigo kwenda Uingereza, Australia na Kanada. Nyumba za duara zikabaki na wazee, kisha na wapangaji, kisha zikauzwa. Viti viwili vya Bunge viliendelea kuongezewa muda kila miaka kumi, hadi marekebisho ya 104 ya Katiba yalipoacha kuviongezea, navyo vikafutika mwezi Januari 2020. Katika mjadala, waziri wa sheria alitaja kwamba sensa ya 2011 iliwahesabu watu 296 tu wa jamii hiyo nchi nzima. Viongozi wa jamii walikataa hesabu hiyo wakisema wako wengi mno kuliko hivyo. Lakini wabishane nani na nani? Waliokuwa wakiteuliwa na Rais hawakuwa na jimbo wala wapiga kura wa kuwategemea. Kilichotolewa kwa hisani hakihitaji sababu kubwa kukiondoa.

Jambo tofauti lilitokea kwa wakulima wa vijiji vya jirani. Mwaka 1974 serikali ya Karnataka chini ya Devaraj Urs iliirekebisha sheria ya ardhi ili mpangaji anayelima awe mwenye shamba. Haikuwa zawadi ya maharaja. Ilikuwa sheria ambayo mkulima angeweza kuidai mbele ya baraza maalumu. Utekelezaji wake ulikuwa na kasoro nyingi, na vibarua wasio na hata mkataba wa upangaji hawakuambulia kitu. Hata hivyo kwa mara ya kwanza watu fulani wa uwanda ule walikuwa na karatasi yenye majina yao.

Thamani ya karatasi hiyo ilionekana miaka ishirini baadaye. Mwaka 1994, pale Pattandur Agrahara, ulianza mradi wa bustani ya teknolojia, ubia wa Singapore, kampuni ya Tata na serikali ya jimbo. Karibu yake serikali ilikwisha kutenga eneo la viwanda vya kuuza nje. Sheria ya mwaka 1966 iliipa mamlaka ya viwanda uwezo wa kutwaa mashamba kwa fidia. Mwenye jina kwenye karatasi alilipwa, japo si kila mara kwa bei aliyoiona ya haki. Aliyekuwa akichunga, akikata majani au akilima kwa siku hakulipwa, kwa sababu kisheria hakuwapo. Nilipoishi Hoodi nilijuana na walinzi wa usiku na madereva ambao wazazi wao walilima palepale vijana wa kompyuta walipokuwa wakiegesha magari. Hawakuwa watu wa chuki. Walisema tu, kwa sauti ya mtu anayeeleza hali ya hewa, kwamba getini kwa shamba la baba yao sasa wanatakiwa kuonyesha kitambulisho.

Vijana wa kompyuta nao, waliotoka pembe zote za India, waliamini wamepewa mji. Walipewa ofisi zenye jenereta, nyumba za ghorofa zenye ukuta na walinzi, na matangazo ya maisha ya kisasa. Kitu ambacho hawakupewa ni jiji lenyewe, yaani bomba la maji, mfereji wa majitaka, njia ya waendao kwa miguu. Whitefield ilikuwa nje ya mipaka ya halmashauri ya jiji hadi mwaka 2007, vijiji 110 na manispaa kadhaa vilipounganishwa na Bengaluru. Minara ilitangulia, mifereji ikaahidiwa.

Malambo yakalipa deni hilo. Majitaka ya nusu ya jiji yalitiririka Bellandur na kushuka Varthur. Kuanzia mwaka 2015 dunia iliona picha za povu jeupe likipeperuka kutoka kwenye malambo hayo na kuwafunika wapanda pikipiki barabarani. Mara kadhaa povu na magugu ya ziwani yalishika moto, na Februari 2017 moshi wa Bellandur ulionekana kutoka mbali. Septemba 2022 mvua kubwa zilirudi kudai njia zake za kale, zikakuta zimejengewa nyumba za kifahari. Mameneja wakapelekwa kazini wamesimama juu ya matrekta ya wakulima. Kisha mwanzoni mwa 2024, baada ya mwaka wa mvua haba, visima virefu vilikauka na mtaa ukaishi kwa maboza ya maji, hadi serikali ikalazimika kuweka bei elekezi. Maji ya mto Kaveri, yanayosukumwa kutoka umbali wa takriban kilomita 100, yalizinduliwa kwa ajili ya vile vijiji 110 mwezi Oktoba 2024, miaka kumi na saba baada ya kuunganishwa na jiji.

Angalia mfululizo huu: wakati wa ukame tajiri ananunua maji kwa boza, na wakati wa mafuriko anabebwa kwa trekta. Ukuta unamlinda dhidi ya jirani, haumlindi dhidi ya bonde. Aliyeliacha lambo nje ya ramani mwaka 1882, na aliyeliacha mwaka 1994, walifanya kosa moja, ila la pili limekuwa na gharama kubwa zaidi.

Kuna kundi moja zaidi la wageni wa viunga vya Bengaluru ambalo linatuhusu moja kwa moja, nalo ni wanafunzi wa Kiafrika. Kwa miaka mingi vijana wetu wa Tanzania wamekwenda huko kusoma, kama nilivyokwenda mimi, na kama mimi wamepanga vyumba pembezoni kwa sababu huko ndiko kodi inakomudika. Tulikaribishwa kwa ada zetu. Mimi binafsi nilipata wema ambao sitausahau. Pia nilipata milango iliyofungwa mara mwenye nyumba alipoona sura yangu. Tarehe 31 Januari 2016, katika kiunga kingine cha jiji hilo upande wa kaskazini, gari la mwanafunzi kutoka Sudan lilimgonga na kumuua mwanamke mkazi wa hapo. Muda mfupi baadaye binti wa Kitanzania, ambaye hakuwa na uhusiano wowote na ajali ile, alipita na wenzake. Umati ukawashambulia, ukamdhalilisha binti yule, na kulichoma moto gari lao. Serikali ya India ililaani, watu wakakamatwa, ubalozi wetu ukasema. Lakini tujiulize ni nini kilichowezesha saa ile. Kwa umati ule hapakuwa na Msudani wala Mtanzania, palikuwa na "wale wageni" tu, watu wanaokaa kwa uvumilivu wa wenyeji. Na uvumilivu, tofauti na sheria, unaweza kwisha katika nusu saa.

Narudi kwenye baraza la bibi yule. Alipouliza watu kama yeye tuliwafanya nini, nilidhani anauliza habari za machotara wa Tanganyika, nami nikatafuta kumbukumbu ya mtu mmoja au wawili niliowajua, nikakosa la kusema. Sasa naona alikuwa akiuliza jambo pana zaidi: taifa jipya linapozaliwa, nani anakuwamo kwa haki, na nani anakuwamo kwa kuhurumiwa?

Nusu ya jibu ninayo. Mwezi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, Bunge la Tanganyika lilijadili muswada wa uraia. Wapo wabunge waliotaka uraia ufuate rangi, na hoja zao zilishangiliwa, kwa kuwa machungu ya ukoloni yalikuwa bado mabichi. Nyerere alisimama kidete akakataa, akiweka nafasi yake ya uongozi rehani. Msimamo wake ulikuwa kwamba uraia ni utii kwa nchi, si rangi ya ngozi. Leo ukiwabagua Wazungu na Wahindi, kesho utapata kabila la kulibagua. Sheria ikapita bila kipimo cha rangi. Hatukuwawekea machotara viti viwili vya upendeleo vyenye tarehe ya kufa. Tuliwaambia, angalau kwenye karatasi, kwamba wao ni raia kama wengine. Laiti ningelikumbuka hilo siku ile, ningemwambia.

Nusu nyingine ya jibu sina, kwa kuwa karatasi peke yake haimalizi kazi. Tulivyoliishi neno lile tangu 1961 ni mjadala wa siku nyingine, na kila msomaji anajua mahali tulipojikwaa.

Nilirudi Whitefield mwaka jana nikielekea kwenye mkutano wa kitaaluma. Siku hizi huhitaji 335E. Treni ya mjini imefika huko tangu Machi 2023, na inapita juu ya magari yaliyokwama. Jambo moja lilinifurahisha. Stesheni zimeandikwa majina ya vijiji vya kale: Nallurahalli, Pattandur Agrahara, Kadugodi. Sauti ya kike huyatamka katika vipaza sauti, na vijana wa kompyuta huyarudia wakiambizana watashuka wapi. Nilitembea hadi barabara ya mviringo. Mahali ilipokuwa nyumba ya bibi pamesimama ghorofa, na nje ya geti boza la maji lilikuwa linashusha. Mlinzi aliniuliza namtafuta nani. Nikamwambia aliyekuwa akiishi hapa zamani. Akatikisa kichwa, akanionyesha daftari la wageni, nikaandika jina langu.